Mtungi wa Pili wa Asajile

Jumanne, tarehe 14 Mei 2024. Mvua ilinyesha tangu alfajiri hadi saa nne, ikakatika ghafla. Milima ya Livingstone ilibaki imejifunika ukungu hadi kiunoni, na hapakuwa na upepo.

Saa tano Asajile alishuka chini ya tuta la bwawa kupima maji yanayovuja, kama afanyavyo kila Jumanne kwa mwaka wa tisa sasa. Yeye ni mlinzi wa bwawa dogo la umwagiliaji, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Mwaya. Si bwawa la kumshangaza mgeni: tuta la udongo la hatua mia na ishirini, lango la chuma, na nyuma yake maji ya mto yaliyotulia. Lakini chini yake, kufuata mto, kuna nyumba thelathini na moja. Asajile anazijua zote.

Anaishi peke yake katika kibanda cha mlinzi. Mkewe Elizabeth alifariki miaka mitano iliyopita. Watoto wako Mbeya na hupiga simu Jumapili. Kuna siku huongea na mtu mmoja tu, naye ni mchunga ng'ombe anayeuliza saa ngapi.

Kila tuta la udongo huvuja kidogo, na hilo si baya. Ubaya ni uvujaji kuongezeka, au maji kutoka na udongo. Gelasius, fundi wa umwagiliaji kutoka wilayani, alimwambia mwanzoni kabisa atege chombo chini ya kifereji cha maji yanayovuja na kuhesabu dakika hadi kijae. Asajile akatega mtungi wa Elizabeth. Miaka yote ulijaa kwa dakika nne.

Mwezi wa pili mwaka huu ng'ombe aliukanyaga ukavunjika. Asajile akaenda soko la Lyulilo, akachagua mtungi mwingine wa Wakisi, wafinyanzi wa kando ya ziwa, wenye umbo lile lile, akaugonga kwa kidole na kusikiliza kama una ufa, kama alivyofundishwa na mama yake. Ulilia vizuri, akaununua. Tangu siku hiyo maji yalichukua dakika nne na nusu kuujaza. Kwenye mkutano wa wakulima akasimama na kusema uvujaji umepungua. Walimpigia makofi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba watu wengi hivyo wamtazame kwa furaha. Wakakubaliana bwawa lijazwe hadi juu kwa ajili ya mpunga wa kiangazi.

Jumanne hii, baada ya kupima, alitaka maji ya kufulia. Akaumimina mtungi kwenye dumu la lita kumi. Dumu likajaa. Akashika la pili, nalo likafika zaidi ya theluthi. Asajile akasimama na mtungi mikononi. Ule wa Elizabeth haukuwahi kujaza hata dumu moja; siku zote ulibakiza nafasi ya vidole viwili. Na chini ya huu mpya kulikuwa na tope jembamba, laini kama unga.

Aliketi kwenye nyasi mbichi akapiga hesabu mara tatu. Uvujaji haukuwa umepungua. Ulikuwa umeongezeka karibu robo, na sasa ulikuwa unalila tuta kwa ndani.

Alimpigia Gelasius.

"Mzee wangu, maji yana udongo kweli?"

"Ninao kwenye kidole."

"Basi fungua lango leo. Polepole, usiyashushe zaidi ya nusu mita kwa siku, tuta lisije likaporomoka upande wa maji. Na usizibe pale panapovuja. Weka mchanga, halafu kokoto, halafu mawe, maji yapite udongo ubaki. Mimi nitafika keshokutwa barabara ikipitika."

Lango lina kufuli mbili. Ufunguo wa pili anao mwenyekiti wa wakulima, Tusajigwe. Asajile alimkuta uani akigeuza kakao kwenye mkeka, na wanawake wawili wakimsaidia.

"Ndaga, tata," Tusajigwe alimsalimia kwa Kinyakyusa. "Leo umeshuka duniani?"

Akamweleza yote, na kosa lake hakulificha. Tusajigwe hakuacha kugeuza kakao.

"Mwezi uliopita bwawa lilipona. Leo linaugua. Anayeumwa ni bwawa au ni wewe?"

Wanawake wakacheka. Mmoja akasema, "Mtungi umemlevya, na hauna hata pombe."

"Nilikosea," Asajile alisema. "Sikuupima mtungi."

"Ngoja Jumapili, tuongee baada ya ibada."

"Jumapili ni mbali, mama mwenyekiti."

Tusajigwe akaacha kugeuza kakao. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ukifungua, mpunga wa kiangazi haupo. Watu hawatamtaja fundi wa wilaya. Watakutaja wewe."

"Wanitaje."

Aliingia ndani akatoka na ufunguo, akamwekea kiganjani bila kumtazama usoni. "Chukua. Lakini mimi siendi huko nawe."

Kwanza alifuata mto hadi nyumba ya mwisho, akiwaambia watu watoe ng'ombe na nguo kando ya maji. Walimsikiliza wakiwa wamesimama milangoni. Hakuna aliyemkaribisha kukaa. Saa kumi alifungua kufuli zote mbili na kuzungusha gurudumu la lango. Lilikuwa gumu, akalizungusha kwa kifua. Maji yakatoka kwa kishindo, mekundu, na akabaki pale akiyatazama hadi giza lilipoingia, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumpokea zamu.

Asubuhi iliyofuata maji yalikuwa yameshuka shubiri mbili. Asajile alitega dumu, si mtungi, na kwa saa yake uvujaji ulikuwa umepungua kidogo; maji bado yalikuwa na tope jembamba. Akachukua karai, akashuka mtoni kuchota mchanga, akapanda nao na kuumwaga juu ya pale palipovuja. Anyisile, ambaye jaruba lake la mpunga ndilo la kwanza kupata maji ya bwawa, alipita na jembe begani, akasimama, akatazama, akaenda zake. Asajile akamsalimia mgongoni. Kisha akashuka kuchota karai la pili.