Chicago hadi Nairobi: Hesabu Yangu Ilivyomkosesha Kaka Mazishi ya Baba

Wakuu, habari za mchana.

Kuna member ameuliza humu Chicago hadi Nairobi ni masaa mangapi. Wengi mmemjibu chap chap. Naomba nami nimjibu polepole, kwa yaliyonipata mwenyewe. Sitaongeza chumvi.

Ilikuwa ile miaka miwa imenoga, kila boma la kwetu Musanda lina shamba na matrekta hayapumziki. Nilikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha sukari. Kazi yangu kubwa ilikuwa kupiga hesabu: trekta limetoka shamba fulani saa hii, umbali huu, litafika saa ngapi. Sikuwa nakosea, na nilijua sikosei. Kiburi kidogo kilikuwepo.

Baba akafariki.

Kaka yangu mkubwa, Wycliffe, alikuwa anasoma Chicago. Kwetu kifungua mimba wa kiume ndiye hutupa udongo wa kwanza kaburini. Telegramu yake ikaja: anaondoka Alhamisi saa kumi na mbili jioni.

Wazee wakaniuliza atafika lini. Nikachukua atlasi na uzi, nikapima. Karibu kilomita elfu kumi na tatu. Nikagawa kwa mwendo wa ndege, nikapata masaa kumi na manne. Ijumaa asubuhi Nairobi, jioni nyumbani. Mazishi yakapangwa Jumamosi.

Nilikuwa nimeipigia ndege hesabu ya trekta. Saa za Chicago ziko nyuma ya zetu masaa manane, hilo sikulijua. Na transit ya London, kusubiri ndege ya pili kutwa nzima, wala sikuiwaza.

Ijumaa ikapita, kimya.

Jumamosi alfajiri kaburi likachimbwa. Mchana mawingu yakatanda. Baba mdogo akaniita kando.

"Hii kaburi haiwezi lala wazi, sisi hatufanyangi hivyo. Wewe ndiye wa hesabu. Huyu mtoto anakuja ama hakuji?"

Nikasema angefika jana. Labda hakupanda ndege.

Wakuu, neno hilo ndilo lililomaliza mambo. Saa tisa tukamzika mzee. Udongo wa kwanza nikatupa mimi.

Saa kumi na moja kaka akaingia bomani na begi mkononi, koti limelowa. Alikuwa ametua asubuhi hiyo hiyo na kupanda basi moja kwa moja.

Hakupiga kelele. Akaenda hadi kaburini, akauliza, "Nani alitupa udongo wa kwanza?"

"Mimi."

Akaushika mkono wangu wa kulia, bado una udongo kwenye kucha, akaushikilia hadi watu wakaanza kuondoka. Nililia kama mtoto.

Kwa hiyo mkuu uliyeuliza, usigawe kilomita kwa mwendo ukaridhika. Uliza anatua saa ngapi kwa saa ya wanaomsubiri. Na kama hujui, sema hujui.

Kaka alinisamehe siku ile ile. Kama kuna mwenzangu humu aliwahi kumkosesha mtu mazishi, aniambie yeye alijisamehe vipi. Mimi bado.