Kivuli Kilichofutwa kwenye Bango

Nitaanza na bango, kwa sababu ndilo lililonitia hasira, na hasira hiyo mpaka leo haijaniisha.

Lilikuwa bango kubwa la plastiki, limefungwa getini kwetu Kipawa asubuhi ya sherehe ya Komunyo ya Kwanza ya binti yangu. Juu liliandikwa hongera, chini zimepangwa picha zake za utotoni. Nilikuwa natoka nje kwenda kumwaga ndoo ya maji ya kudekia nilipoliona, nikasimama hapo hapo. Mtoto wa kwenye bango sikumjua. Alikuwa mweupe kama aliyepakwa unga. Amekaa kwenye bustani ya maua ambayo Kipawa nzima haina, na nyuma yake kuna gari jekundu la kifahari. Kumbe picha ile naijua vizuri. Ilipigwa uani kwetu, mtoto yuko ndani ya beseni la kufulia, povu hadi kifuani, na nyuma yake ni ukuta wa tofali ambao tulikuwa hatujaupiga lipu.

Inabidi nieleze picha zile zilitoka wapi. Likizo yangu ya uzazi ilipoisha nilirudi kazini. Nilikuwa karani kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Natoka mtoto amelala, narudi mtoto amelala. Aliyebaki naye ni dada wa kazi, msichana kutoka Singida, mwembamba, mchache wa maneno. Nilimwachia simu yangu ya zamani, yenye ufa kwenye kona ya kioo, nikamwambia anipigie mwili wa mtoto ukichemka. Hakupiga. Siku moja mchana ikaingia picha: mwanangu, uji umempanda hadi kwenye nyusi. Hakuna neno lililoandikwa. Kesho yake ikaja nyingine. Sikuwa nimemwagiza. Aliona mwenyewe kwamba kuna kitu nakikosa, akaamua kunitumia.

Basi nikawa namwona mwanangu akikua kwenye simu, saa ya chakula ofisini, sahani ya wali mapajani mwangu. Amelala mkekani na kiatu kimoja mguuni. Anampa kuku biskuti yake. Analia kwa sababu ndege imepita chini chini kwenda kutua uwanjani. Amesimama peke yake kwa mara ya kwanza, ameshika ndoo, anashangaa kama mtu aliyeamshwa. Wenzangu ofisini walizoea kuniuliza leo kafanya nini.

Karibu kila picha ya uani ilikuwa na kivuli. Kilianzia chini, kikapanda mpaka usoni kwa mtoto: kichwa chenye kilemba na viwiko vilivyotanuka kama masikio ya sufuria. Hizo ndizo picha pekee za dada nilizobaki nazo, maana aliyeshika simu muda wote ni yeye. Binti yangu alikuwa na miaka minne dada alipoolewa na kuhamia Chanika. Mpaka siku ile, ungemuuliza binti yangu nani alimlea, angekutajia mimi. Nilitaka siku ya Komunyo yake amjue aliyemlea, basi. Nilimwalika dada kwa simu, na kamati ya sherehe niliiomba imweke kwenye orodha ya watakaolishwa keki.

Sasa, mambo ya mapambo na bango alikabidhiwa wifi yangu, dada wa mume wangu. Nilimtumia picha zote. Asubuhi ile nilimkuta getini anakaza kamba za bango, amevaa sare ya kamati, ameridhika kabisa.

"Wifi, umefanya nini hapa?"

"Umeona zilivyotoka? Nimeshinda kwa fundi wa picha kule Kinondoni siku nzima. Ungeona zilivyokuwaga! Uji, beseni, kuku. Watu wangesema kaka yangu kalelea mtoto jalalani."

"Na kivuli kiko wapi?"

"Kivuli gani? Aa, lile doa jeusi? Fundi kalitoa, lilikuwa linaharibu."

"Lile doa ni mtu. Ni dada."

Akacheka, tena cheko la kweli. "Jamani wifi, hata kivuli cha hausigeli nacho kikae kwenye bango la Komunyo?"

Niliitua ndoo chini taratibu, kwa sababu najijua. Maji yale yalikuwa yanaitamani sare ya kamati. Nikasema bango lishushwe. Mume wangu, ambaye mbele ya dada yake huwa anapotelewa na sauti, akatokea na kusema tuyaache hayo, wageni wanakaribia. Nimeolewa na mtu ambaye wageni wake hukaribia kila ninapotaka kusema jambo la maana.

Dada alifika mchana, mfuko wa mihogo ya shambani kwake begani, kitenge kimepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama. Akaniamkia, tukakumbatiana. Kisha akaligeukia bango.

"Mama, hili jua limetokea wapi?"

"Jua gani, dada?"

"Hapa usoni kwa mtoto. Mie nilikuwaga nasimama upande wa jua makusudi, lisimpige machoni. Alikuwaga hapendi, analia."

Miaka yote ile nilidhani kivuli kiliingia kwa bahati mbaya, kumbe alikuwa anamkinga. Na mtu amelipa pesa kiondolewe.

Kabla sijapumua, wifi akapita nyuma yetu na sinia la glasi. "Ee, afadhali umefika. Wenzako wako nyuma huko wanamenya vitunguu." Kilichoniuma zaidi ni kwamba dada alitii. Aliweka mfuko chini na kuanza kupandisha mikono ya blauzi. Nikamshika mkono nikamkalisha meza ya mbele, karibu na msimamizi wa binti yangu, na nikamwambia asinyanyuke hata akiitwa na nani.

Ikaja keki. Mshereheshaji aliita wazazi, babu na bibi, msimamizi, shangazi, shangazi mwingine, mjumbe wa mtaa, jirani aliyetuazima viti. Binti yangu na gauni lake jeupe akawa analisha tu. Nikasubiri. Sahani ya vipande ikakaribia kwisha, dada hajaitwa, na wifi anatazama simu yake kama mtu aliyepata ujumbe muhimu sana.

"Na sasa," akatangaza mshereheshaji, "makofi ya nguvu kwa mama mzazi, aliyetupigia zile picha nzuri pale getini!"

Vigelegele. Vigelegele kwa ajili yangu! Nilikwenda mbele nikachukua maiki, na sikuomba.

"Zile picha sikupiga mimi," nikasema. "Mimi nilikuwa kazini. Aliyezipiga amekaa pale, ndiye aliyemlea mtoto huyu, na alikuwa ndani ya kila picha mpaka alipofutwa na watu wanaomwonea haya. Mwanangu, huyu ndiye aliyekuogesha na kukufundisha kutembea. Mlishe keki."

Dada akasimama akitazama chini, akaja mbele. Binti yangu akachukua kipande kwenye kijiti, akauinua mkono, akafumba macho nusu. Jua la alasiri lilikuwa limeshaingia chini ya turubai na kumpiga usoni moja kwa moja. Hakuna aliyemwambia dada kitu. Alipiga hatua moja tu pembeni, akasimama kati ya jua na mtoto, na uso wa binti yangu ukaingia kivulini. Akayafungua macho, akamtazama vizuri.

Kijana wa kamera akashusha kamera yake.

"Sista, sogea kidogo huko, unamtia kivuli."

Dada akaanza kuinua mguu, tayari anaomba samahani. Maiki ilikuwa bado mkononi mwangu.

"Asisogee," nikasema, na spika zote zikapiga kelele. "Piga hivyo hivyo."