Pini Mdomoni

Fundi cherehani wa pale kwenye kona huongea huku pini zimejaa mdomoni, ndiyo maana hata akikutukana utadhani anakuombea dua. Tangu shindano la hadithi fupi la mtandaoni lifungue kura, mguu uko kwenye cherehani, jicho liko kwenye simu. Hadithi zimewekwa bila majina, naye anaziachia zote maoni kama anayempima mteja: "Mwanzo umebana, legeza kidogo. Mwisho umekaa vizuri." Yake haijapata hata hongera ya uongo. Leo kamwomba mdogo wake apige kura, bila kumwambia ipi ni yake. Binti kajilaza juu ya vitambaa vya watu, anacheka.

"Dada, huyu anayemwogesha mama yake mgonjwa katuchosha. Nimempa nyota moja."

Fundi akalisimamisha gurudumu kwa kiganja, akatema pini zote.

"Umeisoma mpaka mwisho?"

"Nani ana muda huo?"

Mwishoni mwa hadithi ile, mama anamuulizia binti yake mdogo, ambaye hakuja hata siku moja. Fundi akazirudisha pini mdomoni, moja moja, mpaka neno likakosa pa kupita.