Kioo cha Kabati na Maji ya Makanya

Miaka hiyo tuliishi Makanya, mume wangu akifundisha sayansi, mimi nikishona nguo barazani. Maji ya kisima chetu yalikuwa na chumvi hata chai ya maziwa ilikatika kabla ya kufika mezani. Maharage yalichemka kutwa yakabaki magumu. Sabuni tuliyopanga foleni kuipata ilikataa kabisa kutoa povu.

Siku moja mume wangu akaamua kuiondoa chumvi. Aliinjika sufuria kubwa ya maji, akaweka bakuli ndani, akapindua mfuniko ili mvuke upoe na kudondokea kwenye bakuli. Kikapu kizima cha mkaa kiliteketea. Tukapata maji ya kumezea kidonge.

"Mwalimu," nikamwambia, "mkaa huu ungepika ubwabwa wa harusi."

Alikuwa anatazama jua, na jua la Makanya halina haja ya kutafutwa.

Akatengeneza sanduku la mbao, akalitandika bati ndani na kulipaka rangi nyeusi ili jua liyapashe moto maji yatakayowekwa humo. Kilichobaki ni kioo cha kulifunika. Madukani Same, baada ya biashara kuachiwa huru, kulikuwa na mitumba na redio za kila aina, lakini kioo cha ukubwa alioutaka hakikuwepo. Niliporudi kutoka gulioni nikakuta vikombe vyangu vinapigwa na vumbi. Mlango wa kioo wa kabati langu la harusi ulikuwa uani, umelazwa mshazari juu ya sanduku.

Nilifungua kinywa nigombe, ila watu walikuwa wameshajaa uani. Habari ilikuwa imeenea kwamba mwalimu amenunua televisheni. Mzee mmoja alikuja na kigoda chake, akauliza taarifa ya habari inaanza saa ngapi.

Televisheni haikuonyesha kitu, ila matone yalijitokeza chini ya kioo, yakateleza polepole hadi kwenye mfereji wa bati, yakaingia kwenye jagi. Hakukuwa na moto wala moshi. Ikabidi nimsamehe.

Mama mkwe aliposhuka kutoka mlimani kututembelea, mume wangu alimpelekea glasi kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama. Onja."

"Marahaba." Akaonja, akaonja tena. "Mbona hayana ladha? Mmeyachosha juani." Akachovya vidole kwenye kopo la chumvi, akatia, akakoroga, akanywa yote. "Sasa ni maji."

Mume wangu alitoka nje kwenda kulijaza sanduku upya.

Jirani yetu alikuja zamani kutoka Kigoma kukata mkonge, akabaki kufuga mbuzi. Beberu wake aligundua kwamba pembezoni mwa sanduku kuna chumvi iliyoganda. Alipanda kuilamba. Tulisikia mlio wa kioo kuvunjika tu, na tulipotoka alikuwa amesimama ndani ya sanduku, miguu majini, anatutazama kama sisi ndio tuliomkosea.

Nilishindwa kuamua nililie maji au kabati.

"Shemeji, usilie," jirani akaniambia. "Nitaleta kioo."

Alikuja na wanaume wawili, wamebeba kioo cha mbele cha lori lililopinduka kwenye barabara kuu, kwa maajabu kikiwa kizima, na kibandiko cha bima bado kipo. Kilikuwa kimepinda, kwa hiyo matone yangeteleza huku na huku. Mume wangu alikizunguka akicheka peke yake, kisha akaunda sanduku jipya, kubwa zaidi, lenye mifereji pande zote mbili. Jagi likawa linajaa mapema. Chumvi iliyobaki chini tuliikwangua, tukamwekea beberu kwenye karai mbali na sanduku, asipate tena sababu ya kupanda.

Siku mama mkwe alipoondoka, alidai chupa ya maji yale. Kwake mlimani maji yanapita nyuma ya jiko, baridi na matamu.

"Ya nini tena, mama?" mume wangu akauliza.

"Nikawaonjeshe wenzangu," akasema, akiifunga chupa kwenye khanga. "Hawataniamini kwamba mwanangu anapika maji bila kuni."

Mume wangu akambebea mzigo hadi kwenye basi, chupa ameikumbatia kama mtoto mchanga.