Siku Niliyomwacha Mdogo Wangu Ajibu

Mdogo wangu ni fundi cherehani. Hajui uongo hata ule wa kumpoza mteja. Gauni likibana atakwambia limebana, na watu wanarudi kwake kwa sababu hiyohiyo. Alifiwa na mume binti yao akiwa bado ananyonya, akahamia kwangu, akaiweka cherehani yake chini ya dirisha la sebule. Yeye anashona, mimi napiga pasi na kukunja. Mwaka ule wa korona tulishona barakoa mpaka vidole vikaota sugu.

Siku moja niliunguza kitambaa. Moshi umejaa chumba, mimi nimeinama tu na pasi yangu. Mdogo wangu alicheka, akasema pua yangu imekwenda likizo. Nikacheka naye, lakini moyoni nilijua, maana tangu juzi yake nilikuwa natetemeka kwa baridi na chai imekuwa kama maji matupu. Sikusema. Mimi ndiye kiongozi wa sala za kina mama, na nilikuwa nimesimama mbele yao nikatamka kwamba nyumba inayoomba haitaguswa. Ningewatazamaje? Nikawa nameza vidonge kwa kificho. Na yule binti, mtoto wa miaka sita, aliendelea kulala mapajani pangu kila mchana.

Baada ya wiki nne hivi alishikwa na homa isiyoshuka. Macho mekundu, midomo imepasuka, vipele tumboni, mikono imevimba. Hospitali walimpima puani wakasema hana korona. Wakamtibu homa ya matumbo siku mbili, akazidi kulegea. Ndipo daktari wa watoto, mama mmoja wa sauti ya chini, akamtoa damu. Mtoto hakulia, nguvu ya kulia hakuwa nayo.

Majibu yalirudi asubuhi, saa nne. Daktari alitueleza kwamba damu inaonyesha mwili mzima unawaka na moyo umeanza kuchoka, ila haisemi moto umeanzia wapi. Huenda ni vijidudu vingine, huenda ni ule ugonjwa unaowapata watoto wachache wiki kadhaa baada ya korona, hata pua ikiwa imeshakuwa safi. Dawa zake si zilezile. Kipimo kingine cha damu, cha kuangalia kama mwili wake ulishawahi kupambana na korona, kingejibu kesho yake.

"Kuna mtu nyumbani aliugua mwezi uliopita?" aliuliza. "Hata mafua tu?"

"Hakuna, daktari," mdogo wangu alijibu. "Mimi mzima, dada yangu huyu mzima. Muulize mwenyewe."

Daktari akanigeukia. Nikasema, "Tuko salama, Mungu ametulinda."

Jina la Mungu nililitia humo.

Nikatoka, eti naenda kuomba. Nilikaa kwenye benchi la koridoni, maneno hayaji. Mlango ulikuwa wazi, nikawa namwona mdogo wangu akimlowesha mtoto midomo kwa pamba, tone kwa tone, bila haraka. Wakati wa kuwaona wagonjwa ukafika, ukapita. Saa tisa ndipo miguu ilipokubali kuinuka. Nilimkuta daktari kando ya kitanda, nikamwambia yote, mdogo wangu anasikia.

Hakunigombeza. Aliuliza tarehe, akahesabu kwa vidole, akamwita muuguzi. Dawa ikaanza palepale, bila kungoja kesho. Kesho ilipofika damu nayo ikasema vilevile.

Mtoto alipona. Moyo wake bado unapimwa kila baada ya miezi michache, na nilipomuuliza daktari kama zile saa tano zilimdhuru, alisema hajui. Kina mama niliwaeleza pia, nimesimama palepale nilipojisifia. Wengine walilia, wengine wakaacha kunisalimia.

Lakini siku ile, muuguzi alipokwisha kufunga dripu, mdogo wangu alinitazama.

"Ungeniambia, dada," alisema. "Ningekuuguza."

Nilitamani anitukane. Alisogea tu pembeni ya kitanda, akaniachia nafasi nikae.