Ndoo za Mama Benedikta

Aliyenionya ni jirani yangu Mektilda.

"Mama Uwesu, chenji ya yule mwanamke usiichanganye na hela zako. Ana chuma ulete yule. Ukiziweka pamoja, za kwako zote zinamfuata."

"Mwanamke yupi?"

"Yupi tena! Muuza vitumbua. Ndoo zinaingia ndani kwake kila mara, umewahi kuona hata moja ikitoka?"

Mama Benedikta, jina lake Koleta, anakaanga vitumbua kando ya njia hapa kwetu Ng'ambo tangu sijaolewa. Ni mjane, mpole, ana binti mmoja. Nikawa sijui nishike lipi, maana kweli hela yangu ilikuwa haikai. Anayoniachia baba Uwesu, zamani ilileta mchele, maharage, mafuta na sabuni, na kitu kikabaki. Siku hizi nikishanunua mafuta natazama kiganja. Basi chenji ya vitumbua nikaanza kuifunga peke yake kwenye pindo la khanga. Hela ikaisha vilevile.

Wenzangu walifanya zaidi. Walimpita na watoto wao, wakaenda kwa muuza chapati kule mbele. Vitumbua vikawa vinapoa kwenye sinia mpaka jua kali, na mwenyewe anafukuza nzi tu.

Siku moja mvua ilinikuta hapo kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia ndani, mtoto atalowa."

Nikaingia, na nikaziona zile ndoo. Zilikuwa zimepangwa chini ya kitanda mpaka ukutani, kila moja na mfuniko wake. Nikambana Uwesu kifuani. Mama Benedikta akaona macho yangu yalipo.

"Wanasema nafuga nini humo? Chatu?" Akacheka peke yake, akavuta ndoo moja, akaifungua.

Asali. Harufu yake ikajaa chumba kizima.

"Samweli mrina asali akija nayo kutoka porini Sikonge, namnunulia kidogo kabla sijanunua hata nyanya. Namimina humu, ikijaa naziba. Hela niliwahi kuweka kwenye kopo. Nilipolifungua, hela ilinunua nusu ya nilichotaka. Asali, mchele ukipanda nayo inapanda. Hii ndiyo ada ya Benedikta, anaingia chuo cha uuguzi."

"Sasa hela zetu anachukua nani?"

"Hakuna anayechukua."

"Lakini zinapungua, mama."

"Noti ni ile ile, mwanangu. Vitu ndivyo vimepanda. Hata vitumbua vyangu, bei sijagusa, nimepunguza unene. Hukuona?"

Niliona kwamba Uwesu hashibi tena kimoja. Nilidhani amekua.

Nikakaa kwenye kigoda nikiwaza. Mchawi ningemwelewa, hata mwizi ningemwelewa, maana huyo ana mkono na ana nyumba anakolala. Lakini kuchukuliwa na hakuna aliyechukua? Kwa Mektilda ningeanzia wapi kulisema hilo, wakati mimi mwenyewe nalishika huku linaponyoka? Na mbona nilifunga chenji kwenye khanga na moyo ukatulia kidogo?

Mama Benedikta akaifunga ndoo, akairudisha kwa mguu taratibu. Hakuwa anacheka tena.

"Wakiendelea kunipita hivi, nitaanza kuuza hizi ili tule. Zikiisha, mtoto wangu anabaki nyumbani."

Nikamwambia pole.

"Pole naipokea. Sasa nikuombe. Kesho uje ukae na mimi pale kwenye sinia. Mimi nikaange tu, hela nisiziguse kabisa. Upokee wewe, chenji itoke mkononi mwako. Wewe wanakuamini."

"Wakisema na mimi nina chuma ulete, je?"

"Watasema, sikudanganyi. Nitakulipa kwa asali, kikombe kila jioni, uanze ndoo yako na wewe. Nisaidie, mama Uwesu. Utakuja?"