Picha Zilizofuata Maji Masasi

Mama mkwe wangu wa Newala hufunga ufunguo wa tanki la mvua kwenye pindo la kanga, na hata mwanawe wa kumzaa huomba maji kwa adabu. Mimi, mtoto wa Masasi niliyekulia karibu na bomba, nilifika kwake likizo na karatasi, chupa mbili za dawa na kioo cha dirisha, nikamwambia nataka kuchapa picha za mimea bila kamera, kama walivyofanya watu wa zamani.

Nilimweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu. Karatasi inapakwa dawa, inakaushwa gizani, kisha jani linalazwa juu yake chini ya kioo na kuwekwa juani. Mwisho unaiosha: palipopigwa na jua panabaki buluu, palipokaa jani panakuwa peupe.

"Unaiosha kwa maji kiasi gani?"

"Kama ndoo mbili kila picha, Mama."

Alinitazama kana kwamba nimeomba maji ya kuogeshea mbuzi. "Mwalimu, hapa tunaosha watu na vyombo. Picha kazioshee kwenu."

Nilinuna siku nzima, sifichi. Maonyesho ya picha hizo yalikuwa Jumapili, katika ukumbi wa kanisa Masasi, na nilikwisha kuwaalika walimu wenzangu na nusu ya kwaya. Nikaamua kuzipiga picha kwa jua la Newala na kuziosha kwa maji ya Masasi. Nilizifunga ndani ya kaniki ili mwanga usizifikie, huku najua zikikaa sana bila kuoshwa zitaharibika.

Asubuhi ya safari, Jumapili yenyewe, mama mkwe, ambaye kwa kuchimba ming'oko, vile viazi vya porini, hana mpinzani, aliniletea mmea mmoja wa viazi hivyo, unaotambaa, pamoja na majani yake. "Na huu upige. Watu wa Masasi wanakula viazi vyake, sura yake hawaijui." Nilipokwisha kuupiga kwa jua la asubuhi, akavaa viatu vya kanisani, tukaondoka wote.

Ndani ya basi alikipakata kifurushi kile cheusi kwa uangalifu mno, hata abiria mmoja akatupa pole ya msiba. "Tumeshapoa," akajibu mama mkwe, hana habari. Nilicheka mpaka gurudumu lilipopasuka njiani, kicheko kikaniishia.

Tulipofika ukumbini, tumechelewa, wageni walikuwa wameketi wakitazama kuta tupu. Nilitamani kurudi nyuma ya mlango. Hasira ndiyo iliyonisaidia: nikaagiza mabeseni na ndoo, nikaanza kuosha pale pale mbele yao. Maji yakageuka ya manjano, buluu ikajitokeza, na jani la muhogo likaonekana jeupe na vidole vyake vyote. Kwaya ikaacha viti vyake ikaja kutazama. Kila picha niliyoianika kwenye kamba walishangilia, nami nikaanza kujiona mtu.

Ya mwisho ilikuwa ya mming'oko. Mama mkwe alinisogeza kwa kiwiko, akatumbukiza mikono mwenyewe. Majani yalitokea polepole, mpaka kikonyo chembamba kabisa, lakini pembeni umanjano wa dawa ulibaki. Ndoo ilikuwa tupu.

"Inatosha, Mama," nikasema. "Maji yameisha."

Hakuinua macho kutoka kwenye beseni.

"Kachote mengine."